Kiumbe wa Sayari ya Mbali Aliyesema Lugha ya Jirani Zetu



Katika usiku usio na mbalamwezi, mtu akisimama ufukweni hapa Rumonge huona taa nyingi zikielea juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa ndagala. Asiyeijua kazi hiyo angeweza kudhani kwamba nyota zimeteremka ziwani. Lakini akitega sikio, upepo humletea sauti za watu: huyu anaagiza wavu uvutwe, yule anamtania mwenzake, mwingine anaimba. Maneno yao ni ya Kirundi, ya Kiswahili cha Kigoma, ya Kiswahili cha Uvira na Baraka, na mara nyingine ni ya Kibembe. Kwa mbali ni taa tu na kelele. Kwa karibu ni watu wenye majina, kazi na lugha.

Nimeanza na taa hizo kwa sababu somo la leo linahusu nyota, na linahusu masikio pia. Nataka tuisome historia ya kiumbe mmoja wa kubuni, asiye na nafasi kubwa katika filamu alimotokea, ambaye alipofumbua kinywa chake alitoa maneno ya Afrika Mashariki. Mamilioni ya watu duniani waliyasikia maneno hayo wakadhani ni lugha ya sayari isiyokuwapo. Huku kwetu walikuwapo watu walioyasikia wakayaelewa. Katika tofauti hiyo kati ya masikio na masikio mna fundisho kubwa la uraia.

Nien Nunb ni nani?

Mwaka 1977 mtengenezaji wa filamu wa Marekani, George Lucas, alitoa filamu ya kwanza ya mfululizo uitwao Star Wars. Ni hadithi ya vita vilivyotokea, kwa mujibu wa masimulizi yake, zamani sana na mbali sana, kati ya himaya dhalimu na waasi wanaoupigania uhuru. Filamu ya tatu ya mfululizo huo, Return of the Jedi, iliyoongozwa na Richard Marquand, ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1983.

Mwishoni mwa filamu hiyo waasi wanaishambulia ngome kubwa ya adui iliyoko angani. Chombo mashuhuri, Millennium Falcon, kinaendeshwa na Lando Calrissian, mhusika aliyeigizwa na Billy Dee Williams. Pembeni yake ameketi rubani msaidizi. Ana macho meusi makubwa, masikio mapana yaliyosimama, na mashavu yenye mikunjo iliyoning'inia hadi kidevuni. Huyo ndiye Nien Nunb. Ni mmoja wa jamii ya Wasullusti, watu wa sayari iitwayo Sullust. Katika filamu yenyewe sayari hiyo inatajwa tu kuwa ndiko waasi walikokusanya vyombo vyao kabla ya vita. Hatuoni miji yake, wala watoto wake, wala wazee wake. Jamii nzima inawakilishwa na rubani huyu aliyeketi kwenye kiti cha pembeni.

Nien Nunb ni kikaragosi kilichochezeshwa na Mike Quinn. Sauti yake, hata hivyo, ilitoka kwa mtu mwingine: Mkenya aitwaye Kipsang Rotich, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi nchini Marekani. Katika mapigano yale rubani huyu anasema, anaonya, anashangaa, na mwishoni anacheka kwa furaha ya ushindi. Lando anamwelewa na kumjibu kwa Kiingereza. Mtazamaji hapewi tafsiri yoyote chini ya picha. Anatakiwa akisie maana kutokana na majibu ya Lando, kama mtu anayemsikia jirani akizungumza kwa simu.

Lugha za viumbe zilivyotafutwa

Msomaji atauliza: kwa nini lugha halisi ya Afrika itiwe katika kinywa cha kiumbe wa kubuni? Jibu liko katika kazi ya Ben Burtt, msanifu wa sauti wa filamu hizo. Burtt alitambua kwamba mtu akiketi chini na kujitungia silabi ovyoovyo, masikio ya msikilizaji huugundua uongo haraka. Silabi za kubuni hukosa mwendo. Hazina pumzi inayokatika mahali pake, wala mkazo unaorudi kwa utaratibu, wala ule wepesi wa ulimi ambao mtu huupata kwa kuisema lugha tangu utotoni. Kwa hiyo alizitafuta lugha za kweli ambazo watazamaji wengi wa Marekani hawakuzizoea, akazichukua sauti zake.

Ndivyo alivyofanya katika filamu kadhaa za mfululizo huo. Vijitu vya jangwani viitwavyo Jawa vilipewa usemi uliotokana na Kizulu, ukaharakishwa kwa mashine. Kiumbe aitwaye Greedo alipewa usemi uliojengwa juu ya Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Ewok, viumbe wadogo wenye manyoya waishio msituni, walipewa usemi uliochochewa na Kikalmiki, lugha yenye asili ya Kimongolia inayozungumzwa nchini Urusi.

Tuitazame orodha hiyo kwa makini. Wazulu, Wakechua, Wakalmiki, watu wa Afrika Mashariki: hawa ni watu halisi. Wanalipa kodi, wanazika wafu wao, wanawabembeleza watoto wao walale, na wanafanya yote hayo kwa lugha zilezile. Kilichozifanya zifae kuwa lugha za sayari nyingine ni jambo moja tu: mtazamaji aliyekusudiwa hakuwa amewahi kumsikiliza msemaji wake. Ugeni wa lugha hizo ulikuwa katika masikio ya mtazamaji. Katika lugha zenyewe haukuwamo.

Sisemi haya ili kumtia Burtt lawama. Alizipenda sauti za wanadamu kuliko wengi wa wakati wake, na kwa namna fulani aliziheshimu, kwa kuwa alikiri kwamba hakuna fundi anayeweza kubuni kitu kinachoshinda lugha iliyofinyangwa na vizazi. Nasema ili tuone jinsi jambo zuri linavyoweza kuwa na kivuli chake.

Kihaya au Kikuyu?

Sasa tuingie katika sehemu ya historia hii inayonisikitisha kidogo na kunifundisha sana.

Kwa miaka mingi wapenzi wa filamu hizo wameandika na kunakiliana kwamba Nien Nunb anasema Kihaya, nao wakaeleza kuwa Kihaya ni lahaja ya Kenya. Msomaji wa Burundi hahitaji ramani kuona kosa lililomo. Kihaya ni lugha, si lahaja ya lugha nyingine. Nyumbani kwake ni Bukoba na maeneo yanayouzunguka, magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Mkoa huo unapakana na nchi yetu. Haukupata kuwa sehemu ya Kenya.

Kwa upande mwingine, wasemaji wa Kikuyu, lugha ya Kenya ya kati, wameyasikiliza maneno ya rubani yule wakasema: hii ni lugha yetu. Wameyatambua maneno, salamu na muundo wa sentensi. Jina la msemaji mwenyewe, Kipsang Rotich, ni jina la aina inayopatikana miongoni mwa Wakalenjini wa Bonde la Ufa, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa, bali ni ya Kinailoti. Hivyo katika sentensi moja iliyonakiliwa huku na huko, Kihaya cha Tanzania, Kikuyu cha Kenya ya kati na Mkenya mwenye jina la Kikalenjini walifungwa katika furushi moja, likaandikwa juu yake: lahaja ya Kiafrika.

Ingekuwa ni Kifaransa na Kijerumani vilivyochanganywa hivyo, kosa lingesahihishwa siku hiyohiyo. Angetokea mwalimu, mwandishi wa gazeti au mtazamaji wa kawaida akasema: hapana, hicho si Kifaransa. Lakini kosa kuhusu Kihaya na Kikuyu liliishi muda mrefu, si kwa sababu wa kulisahihisha hawakuwapo, bali kwa sababu hawakuulizwa. Wazee wa Bukoba wapo. Akina mama wa Murang'a na Nyeri wapo. Hakuna aliyewapelekea ukanda wa sauti na kuwaambia: sikilizeni, mtueleze.

Haki ya kwanza ya lugha ni kuitwa kwa jina lake. Haki ya kwanza ya mtu pia ni hiyohiyo.

Masikio ya mtu wa Rumonge

Niliwahi kuwasikilizisha wanafunzi wangu kipande kifupi cha mapigano yale. Nilificha picha, nikaacha sauti peke yake, kisha nikawauliza: huyu anasema lugha gani? Hakuna aliyejibu kuwa ni lugha ya sayari nyingine. Mmoja alisema, "Mwalimu, ni mtu wa huku huku." Mwingine alisema haelewi maneno, lakini anaona kwamba angeelewa kama angekaa naye wiki mbili.

Jibu hilo la pili ni la kitaaluma kuliko linavyoonekana. Kirundi, Kihaya, Kikuyu na Kiswahili ni ndugu katika ukoo wa lugha za Kibantu, na ndugu hawa hawajasahauliana nyuso. Tazama mifano michache.

Sisi husema *watu*. Mrundi husema *abantu*. Mhaya naye husema *abantu*. Mkikuyu husema *andũ*.

Sisi husema *macho*. Mrundi husema *amaso*. Mhaya husema *amaisho*. Mkikuyu husema *maitho*.

Tukihesabu, sisi husema *tatu*. Mrundi husema *gatatu*. Mhaya husema *ishatu*. Mkikuyu husema *ithatũ*.

Sisi husema *mti*. Mhaya husema *omuti*. Mkikuyu husema *mũtĩ*. Kwa Kirundi *umuti* ni dawa, na mti wenyewe huitwa *igiti*. Mwanafunzi asishangae: wahenga walichimba dawa katika mizizi na kuibandua katika magome ya miti, ndiyo maana neno la mti na neno la dawa yakakaa nyumba moja.

Mtu anayeyajua haya hawezi kuisikia sauti ya Nien Nunb kama kelele. Hata asipozipata maana, atazisikia ngeli zikipatana, atasikia viambishi vikitangulia mashina, atasikia ndugu yake akisema chumba cha pili. Hapo ndipo faida ya kujifunza lugha inapodhihirika. Mtu hujifunza Kiswahili ili aongee na Waswahili, lakini njiani anajikuta amefunguliwa masikio kwa mamia ya lugha nyingine.

Nani mgeni katika mwambao huu?

Tuache anga, turudi ziwani. Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilomita 673, limegawanywa leo kati ya nchi nne: Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Maji hayakuigawa lugha. Mtumbwi wa biashara ulipotoka Ujiji ukapita mwambao huu kuelekea Uvira, ulibeba chumvi, samaki, nguo na pembe, na pamoja na hizo ulibeba maneno. Kiswahili kilifika Rumonge kwa njia ya maji, kikaota mizizi sokoni.

Pwani hii imewahi kuwapokea wageni wa ajabu kuliko wale wa filamu. Mwaka 1879 wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadre Weupe walianzisha hapa Rumonge misheni ya kwanza katika nchi ya Burundi. Hebu tujiweke mahali pa wenyeji wa siku ile. Wanawaona watu wenye rangi isiyozoeleka, wenye mavazi marefu na vyombo visivyojulikana kazi yake, wakisema maneno ambayo hakuna mzee aliyewahi kuyasikia. Ni nani basi aliyekuwa kiumbe wa sayari ya mbali? Habari hiyo iliisha vibaya. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa hapahapa, na misheni ikafungwa. Siwezi kulipunguza jambo hilo likawa suala la lugha tu, kwa kuwa damu ikimwagika sababu huwa nyingi. Lakini nalikumbuka kila ninapofundisha, kwa sababu linaonyesha kwamba ugeni haumo katika ngozi wala katika ulimi wa mtu. Ugeni ni umbali uliopo kati ya watu wawili, na kila mmoja wao huuona upande wa mwenzake.

Baadaye Burundi ikawa sehemu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, nao walikitumia Kiswahili katika utawala wao. Wabelgiji walishika nchi mwaka 1916, na uhuru ukapatikana tarehe 1 Julai 1962. Katika muda wote huo Kirundi kilibaki lugha ya milimani na ya taifa zima, Kifaransa kikawa lugha ya ofisi, na Kiswahili kikakaa katika mitaa ya mijini kama Buyenzi kule Bujumbura, na katika miji ya ziwani kama Rumonge na Nyanza-Lac. Kilikuwa lugha ya soko, ya bandari, ya gereji na ya msikiti.

Hapo likazaliwa tatizo ambalo bado hatujalimaliza. Katika vinywa vya wengi, neno *umuswahili* halikuishia kumtaja mtu anayesema Kiswahili. Lilikuja kumaanisha mtu mjanja, mdanganyifu, asiyeaminika, mtu asiye na kilima anachotoka. Mrundi aliyezaliwa Rumonge, ambaye babu yake amezikwa Rumonge, aliweza kuhesabiwa kuwa mtu wa kuja kwa sababu tu ya lugha aliyozoea kununulia samaki. Alikuwa kama Nien Nunb katika chombo kile: yumo safarini, anafanya kazi, anahatarisha maisha yake pamoja na wengine, ila ameketi pembeni na maneno yake hayatafsiriwi.

Waliorudi na lugha nyingine

Kuna sura ya historia hii ninayoiandika kwa sauti ya chini. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka, na mwambao huu wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, ulikuwa miongoni mwa mahali yalipoanzia. Watu waliuawa. Mauaji makubwa yaliyofuata, yaliyofanywa na dola dhidi ya Wahutu, yaliikumba nchi nzima na kuchukua roho nyingi mno. Watu wengi walikimbilia Tanzania. Huko walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka misitu, wakalima, wakazaa. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya shule ya msingi ya Tanzania.

Baada ya zaidi ya miaka 30, walipewa nafasi ya kuchagua. Wengi waliomba uraia wa Tanzania, na watu wapatao 162,000 wakaupata. Makumi ya maelfu walichagua kurudi Burundi kuanzia mwaka 2008, na sehemu yao walirejea hapa Rumonge na Nyanza-Lac. Walikuta mashamba ya michikichi ya wazazi wao yakiwa mikononi mwa watu wengine, na mashauri ya ardhi yakawa marefu. Lakini watoto wao walikuta jambo jingine lililokuwa zito kwao vilevile. Walikuta kwamba katika nchi waliyosimuliwa kuwa ni yao, ulimi wao ni wa mgeni. Shule ilifundisha kwa Kirundi na Kifaransa; wao walijua Kiswahili.

Siku ile niliyowasikilizisha wanafunzi wangu sauti ya Nien Nunb, baada ya kuijadili niliwaonyesha picha yake. Darasa lilicheka kwa sababu ya yale mashavu. Msichana mmoja hakucheka. Wazazi wake walirudi kutoka Katumba. Alisema kwa upole: "Mwalimu, siku ya kwanza shuleni watoto waliniambia naongea kama redio. Nilielewa kila neno nililosema mimi. Wao ndio hawakuelewa." Kicheko kilikoma. Sikuongeza neno, kwa kuwa somo lilikuwa limekwisha kufundishwa na mwenye haki ya kulifundisha.

Mifano mingine ya angani

Ili tusidhani kwamba historia hii ina njia moja tu, nitaje mifano miwili inayotuonyesha namna nyingine.

Mfano wa kwanza ni wa zamani kuliko Nien Nunb. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mfululizo uitwao Star Trek. Humo alikuwamo afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, mwigizaji Mmarekani mweusi. Jina hilo limetokana na neno letu *uhuru*, neno lililokuwa midomoni mwa Afrika nzima katika miaka ile. Katika kipindi cha kwanza kabisa kilichorushwa tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe mmoja mwenye uwezo wa kujigeuza sura anamjia Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi, na ili kumvuta karibu anamsemesha kwa Kiswahili. Zingatia tofauti. Hapa Kiswahili hakikuwekwa kuashiria ugeni. Kiliwekwa kuashiria nyumbani: ni sauti ambayo mtu aliyeko mbali kabisa angetamani kuisikia. Kiumbe yule alikuwa mwovu, lakini alijua jambo ambalo waungwana wengi hawalijui, kwamba moyo wa mtu hufunguliwa kwa lugha yake.

Mfano wa pili ni wa juzi. Katika filamu ya mwaka 2016, Captain America: Civil War, mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini, aliyekuwa mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, aliiingiza lugha yake ya Kixhosa katika maneno ya mfalme huyo. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 ikaendelea na lugha hiyo. Nchi ni ya kubuni, lugha ni ya kweli, na jina lake lilitajwa waziwazi: ni Kixhosa. Waliokisema hawakufichwa nyuma ya sura ya kiumbe. Walikisema kwa nyuso zao, wakiwa wafalme na mashujaa.

Na Nien Nunb je? Mwaka 2015 mfululizo wa Star Wars ulipoendelezwa kwa filamu ya The Force Awakens, rubani yule alirudi, akiwa amezeeka kidogo. Mike Quinn alikichezesha tena kikaragosi, na Kipsang Rotich akakipa tena sauti. Miaka 32 ilikuwa imepita. Wangeweza kutafuta sauti nyingine, nani angejua? Lakini wenye filamu walitambua kwamba ile haikuwa kelele inayoweza kutolewa na yeyote. Ilikuwa sauti ya mtu fulani.

Fundisho kwa raia

Wanafunzi wengine huniuliza kwa nini wajifunze Kiswahili ilhali lugha rasmi za Burundi ni Kirundi, Kifaransa na, tangu mwaka 2014, Kiingereza. Huwakumbusha kwamba nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwamba Kiswahili sasa kinafundishwa katika shule zetu za msingi, na kwamba mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hizo ni sababu njema, lakini si za kwanza. Sababu ya kwanza ni kwamba raia ni mtu anayeweza kumsikia raia mwenzake.

Sheria inaweza kukupa kitambulisho, na hakimu anaweza kukurudishia shamba. Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha jirani akusikie kama mtu. Hilo hufanywa na sikio lililofundishwa. Mpemba sokoni, Mbembe aliyevuka ziwa kukimbia vita, mtoto aliyerudi kutoka Mishamo, mzee wa milimani asiyejua neno la Kiswahili hata moja: kila mmoja wao anaposema, ama tunasikia maneno ya mtu ambayo bado hatujayaelewa, ama tunasikia kelele. Wa kwanza humwuliza, "Unasemaje, ndugu yangu?" Wa pili hucheka akaenda zake. Jamii nzima hujengwa au hubomoka katika uchaguzi huo mdogo.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haisemi kwamba mgeni avumiliwe. Inasema kwamba mwenyeji ndiye mwenye maradhi, na kuja kwa mgeni ndiko kunakomponya. Mwambao huu umepokea wageni wengi na umewafukuza wengi. Sijui mahali panapohitaji methali hiyo kuliko hapa.

Basi ukiiona filamu ile siku moja, usimtazame Lando peke yake. Mtazame yule aliyeketi kando yake. Funga macho kidogo usikilize. Utasikia sauti ya kijana wa Kenya aliyekuwa mbali na kwao, na maneno yake yatakuwa karibu nawe kuliko ulivyotarajia.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti kati ya lugha na lahaja. Kwa nini kuiita lugha ya watu "lahaja" kunaweza kuwa dharau?
2. Tafuta maneno matano ya Kiswahili yanayofanana na maneno ya lugha ya nyumbani kwenu. Ni sauti gani zimebadilika?
3. Neno "Mswahili" linatumiwaje mtaani kwenu? Je, maana hiyo inamtendea haki anayeitwa hivyo?
4. Zungumza na mtu mmoja aliyerudi kutoka ukimbizini, ikiwa yuko tayari kuzungumza. Mwulize ni neno gani la kwanza alilojifunza aliporejea, na nani alimfundisha.